Kichwa maji: kuanzia tepu ya kliniki hadi shanti

Mtoto mchanga mwenye kichwa maji anaweza kunyonya, kucheka na kulala kama wenzake kwa wiki kadhaa. Mifupa ya fuvu lake haijashikana, kwa hiyo maji yakizidi ndani, kichwa hutanuka kabla ubongo haujaanza kulalamika. Mama anayemwona kila siku haoni tofauti; anayeshtuka ni shangazi aliyekuja kutoka Lamu baada ya miezi miwili. Tepu haizoei sura. Kwa hiyo maelezo haya yanaanza na tepu, ingawa sehemu kubwa ni ya thieta, chumba cha upasuaji, na ya yale yanayofuata nyumbani. Ni ya wazazi na manesi wa kliniki za watoto Mombasa, Kwale na Kilifi, kwa kuwa wao humwona mtoto huyu muda mrefu kabla ya daktari wa upasuaji wa ubongo.

Kupima kichwa

Tepu nzuri ni ya plastiki au ya karatasi ya hospitali. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani hulegea kadiri inavyotumika. Ilaze juu ya rula ya shule ya sentimita 30 uone kama zinalingana. Zikipishana hata milimita 5, itupe. Angalia pia unasoma upande gani, maana tepu nyingi zina inchi upande mmoja, na kosa hilo hutokea zaidi ya watu wanavyokubali.

Mvue kofia na ufungue mabutu. Mama ampakate mtoto, mtu mwingine amshike mikono. Tepu ipite juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio yote mawili, izunguke hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Ikaze kiasi cha kulaza nywele tu, isiache mstari kwenye ngozi. Soma, ifungue kabisa, rudia hadi mara tatu, kisha uandike kipimo kikubwa kuliko vyote pamoja na tarehe. Huku Pwani watoto wengi hunyolewa siku ya saba au ya arubaini. Nywele nyingi zinaweza kuongeza milimita kadhaa, basi andika pembeni kama alikuwa amenyolewa, ili mwezi ujao usidhani kichwa kimesimama kukua.

Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa wastani huzaliwa na kichwa cha sentimita 34.5, hufika 40.5 akiwa na miezi 3, 43.3 akiwa na miezi 6 na 46.1 akitimiza mwaka. Msichana ni 33.9, 39.5, 42.2 na 44.9. Kwa kukumbuka haraka: takriban sentimita 2 kwa mwezi hadi miezi 3, sentimita 1 kwa mwezi hadi miezi 6, kisha nusu sentimita kwa mwezi hadi mwaka. Aliyezaliwa kabla ya wakati hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Lakini namba moja haisemi mengi. Kinachosema ni mwendo. Chukua mvulana aliyepimwa siku zake tatu za chanjo: wiki ya 6 sentimita 38, wiki ya 10 sentimita 41.5, wiki ya 14 sentimita 45. Wiki ya 6 hakuna wa kulalamika. Wiki ya 10 bado yuko ndani ya mistari ya chati, na hapa ndipo anapopotea, kwa sababu nesi huangalia nukta iko ndani au nje ya mstari, akaiona ndani, akampa sindano na tarehe ya kurudi. Ila kwa wiki 4 mtoto ameongeza sentimita 3.5 badala ya moja na nusu hivi. Huyo alistahili barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Kumsubiri wiki ya 14 ni kuupa ubongo wiki 4 zaidi za kubanwa.

Upande wa pili, wapo watoto wenye vichwa vikubwa na wazima kabisa. Kabla ya kutishana, mpime baba, na babu kama yuko. Kichwa cha ukoo hukua sambamba na mstari wake, na mtoto hana dalili nyingine. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo naye huonekana na kichwa kikubwa kwa kuwa mwili umepungua. Hao wote tepu huwatenga ndani ya wiki 2 hadi 4 za kurudia kupima.

Utosi ushikwe mtoto akiwa ameketishwa na ametulia, si akilia, kwani kilio hupandisha utosi wa mtoto yeyote. Utosi mzima uko sawa na fuvu au umebonyea kidogo tu, na unapigapiga. Uliotuna na kukaza kama mpira uliopulizwa ni dharura. Uliobonyea sana, hasa msimu wa joto na kuharisha, ni upungufu wa maji mwilini. Mama amnyonyeshe na ampe maji ya chumvi ya kuharisha (ORS), na usibandikwe kitu chochote juu yake. Pamoja na utosi tazama mishipa ya kichwani iliyojitokeza, ngozi inayong'aa, na macho. Macho yakishuka kama jua linalozama, weupe ukaonekana juu ya mboni, presha ndani ya kichwa imekuwa kubwa.

Kutapika mara kwa mara, kulala kupita kiasi, mlio mkali usiotulizwa na titi, kusita kupumua, au dege: mtoto aende hospitali usiku huo huo. Katika familia nyingi dege huitwa nyuni na kwanza hutafutwa mtu wa kusoma. Dua haipingani na upasuaji, nayo inaweza kusomwa ndani ya tuktuk. Kinachodhuru ni siku tatu za kungoja, na kombe, maji ya maandishi ya dua, linalonyweshwa mtoto anayetapika na aliyelegea, likaingia mapafuni.

Maji yanatoka wapi na kwa nini yanakwama

Ubongo hutengeneza maji yake mwenyewe katika vyumba vilivyo katikati yake. Mtu mzima hutoa karibu nusu lita kwa siku ilhali kwa wakati mmoja ana mililita 150 tu, yaani maji hayo hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Mtoto hutoa kidogo kuliko hivyo, ila hesabu ni ile ile: njia ikizibwa, kiwanda hakisimami.

Njia huzibwa kwa sababu tofauti. Katika Afrika Mashariki maambukizi ya wiki za kwanza za maisha yanabeba mzigo mkubwa. Mtoto alipata homa na dege akiwa na wiki 2 au 3, akatibiwa, akaonekana amepona, kisha kichwa kikaanza kukua baada ya mwezi. Makovu ya ndani ndiyo yaliyoziba njia. Kwa hiyo mtoto yeyote aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo amalize siku zote za antibaiotiki alizoandikiwa, kisha apimwe kichwa kila wiki 2 kwa miezi 3. Nyingine ni mgongo wazi (mtoto kuzaliwa na uti wa mgongo usiojifunga), kutokwa damu ndani ya ubongo kwa waliozaliwa njiti, mfereji wa maji ubongoni ulio mwembamba tangu kabla ya kuzaliwa, na mara chache uvimbe.

Mwenye mgongo wazi ana haraka yake. Kidonda kifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, juu yake plastiki safi ili kisikauke, mtoto alazwe kifudifudi au kwa ubavu, na afike kwa daktari wa upasuaji ndani ya siku 2 au 3 za kuzaliwa. Shashi iliyokauka ikang'ang'ania mishipa ya fahamu ni madhara mapya juu ya yale aliyozaliwa nayo.

Picha, barua na SHA

Maadamu utosi uko wazi, altrasaundi ya kichwa inatosha kuanza. Haina mnururisho (miale kama ya eksirei), haihitaji kumlaza mtoto kwa dawa, na hufanyika mama akiwa amempakata. Picha ya CT hufuata daktari akitaka kuona mifupa, damu au uvimbe. Ni ya dakika chache na mara nyingi mtoto aliyeshiba na kufungwa vizuri kwa leso hulala humo bila dawa. MRI, picha ya mashine ya sumaku, ni ndefu na ina kelele, kwa hiyo watoto wengi huhitaji dawa ya usingizi.

Barua ya rufaa inayosaidia ina vitu hivi: vipimo vyote vya kichwa na tarehe zake, uzito wa leo, umri wa mimba alipozaliwa, homa au dege lolote na dawa alizopewa, hali ya utosi na macho, chanjo zilizobaki, na kiwango cha damu kama kimepimwa. "Kichwa kikubwa, naomba msaada" haimsaidii daktari kupanga nani aingie kwanza. Kitabu cha kliniki kiende pamoja na barua, si kibaki kabatini.

Kwa Mombasa njia ya kawaida ni kituo cha afya, kisha hospitali ya Coast General. Familia nyingine hupelekwa hospitali ya Kenyatta, Nairobi, au Kijabe, hospitali yenye historia ndefu ya upasuaji wa watoto wa aina hii. SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mtoto aandikishwe chini ya mzazi mapema, kwa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kama cheti bado. Upasuaji hupitishwa na bima kabla ya kufanyika, na mtoto asiyesajiliwa hulala wodini akingoja karatasi. Ukifika, uliza dawati la SHA mambo mawili: kiasi gani kinalipwa, na kama shanti yenyewe, ule mrija wa kutolea maji kichwani, imo ndani au mzazi anainunua.

Daktari anaweza kuona maji na bado akakataa kuweka shanti wiki hiyo. Si uzembe. Maji yakiwa bado na vijidudu, usaha au damu nyingi, mrija utaziba au utaoza ndani ya siku chache. Hapo hutolewa maji kwa sindano kupitia utosi, au kwa mrija wa muda unaomwaga nje ndani ya mfuko, hadi maabara iseme ni masafi.

Siku ya upasuaji

Njaa ya mtoto ina ratiba. Uji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo: mwisho saa 6 kabla ya kuingia thieta. Maziwa ya mama: mwisho saa 4 kabla. Maji matupu: mwisho saa 2 kabla. Ndugu akimwonea huruma akampa kijiko cha uji alfajiri, upasuaji unaahirishwa, kwani chakula kikipanda wakati wa nusukaputi huingia mapafuni. Makosa ya upande wa pili yapo pia: mtoto anafungishwa tangu saa nne za usiku na thieta inamwita adhuhuri, sukari imeshuka. Uliza saa kamili ya kuingia, uhesabu kurudi nyuma.

Usiku aoge kwa sabuni, kichwa, shingo, kifua na tumbo, asipakwe mafuta ya nazi baada ya hapo. Hirizi ya shingoni ifunguliwe, mama aifunge mkononi mwake kama hataki iachane na mtoto. Mrija utapita chini ya ngozi pale pale uzi ulipokaa. Piko nyeusi kwenye kucha inaweza kusumbua kifaa cha kusoma oksijeni, basi aachiwe angalau vidole viwili visivyopakwa. Nywele usimnyoe kwa wembe nyumbani. Mikwaruzo ya wembe hukaribisha vijidudu. Watanyoa wenyewe kwa mashine, pale tu wanapohitaji.

Shanti ni mrija wa silikoni wenye sehemu tatu: kipande kinachoingia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, vali ndogo inayokaa chini ya ngozi ya kichwa, na mrija mrefu unaoshuka hadi tumboni. Wazazi wengi huuita mpira tu. Vali hufunguka presha ikizidi kiwango fulani na huruhusu maji kwenda upande mmoja. Ile ya Chhabra inayotengenezwa India hutumika sana Afrika Mashariki kwa sababu ya bei. Ilipolinganishwa na ya bei kubwa katika hospitali ya CURE, Mbale, Uganda, haikuonekana kuwa duni. Mzazi asiuze ng'ombe kutafuta vali ya gharama eti ya Ulaya ndiyo itadumu.

Kazi yenyewe huchukua saa moja hivi. Mtoto wa shanti huwekwa wa kwanza asubuhi, chumba kikiwa safi, na watu humo wakiwa wachache. AC inayowafurahisha madaktari wa Mombasa hupandishwa joto au huzimwa: kichwa kikubwa kilicho wazi hupoteza joto haraka, na mtoto aliyepoa damu yake haigandi vizuri na huchelewa kuamka. Antibaiotiki huingia mshipani ndani ya saa moja kabla ya kukata.

Kichwa hugeuzwa kushoto, kwa kawaida shanti ikae kulia, bega likiinuliwa kwa kitambaa kilichokunjwa ili shingo na kifua viwe mstari mmoja. Mstari huo ukivunjika, chuma cha kupitishia mrija chini ya ngozi kinaweza kutoboa ngozi ya shingo au kuingia kifuani. Hukatwa sehemu ndogo kichwani na nyingine tumboni. Mrija huvutwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani. Kabla ya kuigusa shanti, daktari na msaidizi hubadilisha glavu. Shanti haifunguliwi kwenye pakiti hadi dakika inapohitajika, na haiwekwi juu ya ngozi. Kijidudu kinachoharibu shanti nyingi ni stafilokoka, yule anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumdhuru.

Ncha ya juu ikiingia chumbani, maji hutoka yenyewe. Yasipotoka, hairuhusiwi kuchokonoa mara kumi; hutolewa, pembe ikasahihishwa, ikarudishwa. Maji machache hupelekwa maabara. Halafu daktari hungoja aone tone likidondoka kwenye ncha ya chini, ile ya tumboni, kabla ya kuitumbukiza. Dakika hiyo moja ya kusubiri tone ndiyo inayogundua vali iliyoziba kwa damu au fundo lililokazwa kupita kiasi, wakati kidonda bado kiko wazi. Mrija wa tumboni huachwa mrefu, umejikunja ndani, ili mtoto akirefuka uwe na nafasi ya kunyooka.

Njia isiyo na mrija

Baadhi ya watoto hawahitaji shanti. Kwa kamera nyembamba inayopita utosini, daktari hutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha maji, yakapata njia ya mkato. Kwa watoto wadogo hilo peke yake hushindwa mara nyingi, kwa hiyo daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf, akiwa Mbale mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliunganisha kutoboa na kuchoma tishu inayotengeneza maji. Utafiti wa Mbale uliotolewa 2017 uliwafuatilia watoto 100 wa chini ya miezi 6 wenye kichwa maji cha maambukizi. Baada ya mwaka, maendeleo ya akili ya waliotobolewa na ya waliowekewa shanti hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Faida ya kutoboa ni kwamba hakuna kitu cha kigeni mwilini cha kuziba. Si wote wanaofaa: inategemea chanzo, makovu yaliyomo na umri, na huhitaji kamera na mkono ulioizoea. Kosa la wazazi hapa ni kudhani kwa kuwa hakuna mpira basi mambo yamekwisha. Tundu linaweza kujifunga, zaidi ndani ya miezi 6 ya kwanza, na kwa kuwa hakuna kitu cha kushika, tepu pekee ndiyo itakayosema.

Wiki za kwanza nyumbani

Kidonda kikae kikavu hadi nyuzi zitolewe au zifyonzwe, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Mpanguse mwili, kichwa usikimwagie maji. Usipake mafuta, dawa ya meno, majivu wala ubani. Maji meupe yakidondoka kidondani, hata kama ni kiasi cha kulowesha mto tu, rudi siku hiyo hiyo: mlango ulio wazi kwa maji kutoka uko wazi kwa vijidudu kuingia.

Ngozi iliyo juu ya vali ni nyembamba. Mtoto mwenye kichwa kizito hulalia upande mmoja saa nyingi, ngozi ikafa na vali ikachungulia nje. Mgeuze kila saa 2 au 3, na vali isiwe chini. Ukimbeba mgongoni, leso ishike shingo na kisogo, fundo lisikae juu ya njia ya mrija. Utaiona njia hiyo kama kamba nyembamba chini ya ngozi, nayo ni ya kawaida. Usiibonyezebonyeze vali kupima kama inafanya kazi. Imewahi kufundishwa hivyo, lakini vali iliyoziba inaweza kurudi ikibonyezwa na iliyo nzima ikachelewa kurudi.

Utosi ukibonyea sana akiwa ameketi na akawa na hasira, huenda maji yanatoka kupita kiasi. Mlaze chali bila mto, mpigie daktari. Ubongo ukishuka haraka, mishipa midogo ya juu yake huweza kukatika ikavuja damu.

Chanjo ziendelee kwa ratiba. Kichwa hakitarudi kuwa kidogo. Kitasimama, au kitakua polepole, na mwili utakifuata. Shanti huondoa presha, lakini kilichoharibiwa na maambukizi kabla yake haikirudishi, kwa hiyo fiziotherapia ianze mapema, mtoto angali na miezi, bila kungoja ashindwe kukaa.

Shanti inapoharibika

Shanti 3 hadi 4 kati ya 10 huharibika ndani ya mwaka wa kwanza, hata katika hospitali za nchi tajiri. Mzazi aambiwe hivyo kabla ya kutoka wodini. Anayeambiwa "amepona" atasoma dalili za kwanza kama mchezo.

Huziba juu, tishu za ubongo zikiingia kwenye vitundu vya mrija. Huziba katikati, vali ikijaa protini au damu. Huachana pale vipande vilipofungwa. Miaka ikipita mtoto hurefuka, ncha ikatoka tumboni. Mara moja moja maji hukusanyika tumboni kama kifuko, tumbo likajaa. Na mara chache zaidi mrija hutoboa utumbo ukaonekana kwenye haja kubwa. Ukiona hivyo, usiuvute. Ufunike, nenda hospitali.

Mtoto ambaye utosi bado wazi huonyesha zile dalili za mwanzo: utosi uliotuna, kichwa kuanza tena kukua, macho yanayoshuka, kutapika. Mkubwa huumwa kichwa hasa asubuhi, hutapika, huwa mzito wa kuamka, hukosea hatua, mwandiko huharibika. Mwalimu wa shule na ustadhi wa madrasa waambiwe, kwani hao ndio wanaomwona akisinzia saa ambazo hakuwa akisinzia. Choo kigumu nacho hupandisha presha ya tumbo na kuzuia maji kushuka. Maji ya kutosha, papai na mboga vinafaa zaidi ya watu wanavyodhani, ila usikae siku mbili ukitibu choo kwa mtoto anayetapika.

Maambukizi mengi ya shanti hujitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza: homa, wekundu juu ya njia ya mrija, kidonda kinachovuja, tumbo kuuma. Hapa Pwani homa hiyo huangukia kwenye kikapu cha malaria. Utaratibu unaofaa ni huu: pima malaria kwa damu, usitibu kwa kukisia. Ikiwa hakuna, na mtoto ana shanti ya chini ya miezi 6 au anatapika, usimrudishe nyumbani na dawa ya maji ya antibaiotiki. Dawa hiyo huficha vijidudu kwenye kipimo bila kuwaua ndani ya silikoni, na daktari wa upasuaji huanza upya akiwa na maabara isiyomwambia kitu. Hata malaria ikipatikana, itibu, lakini mchunguze na shanti. Shanti iliyooza kwa kawaida hutolewa yote, maji yakamwagwa nje, antibaiotiki ikaingia mshipani mara nyingi kwa wiki 1 hadi 2 au zaidi, na mpya ikawekwa maji yakiwa masafi.

Mtoto atapokelewa na daktari asiyemjua, usiku. Kwa hiyo weka kwenye simu ya baba na ya mama picha ya karatasi ya kuruhusiwa ikionyesha tarehe ya upasuaji, upande, aina ya vali na hospitali. La thamani zaidi ni nakala ya CT iliyopigwa akiwa mzima. Vyumba vya maji vya watoto hawa mara nyingi havirudi kuwa vidogo kama vya wengine. Bila picha ya zamani ya kulinganisha, daktari hawezi kujua kama vimetanuka jana au vilikuwa hivyo mwaka mzima. Anayeishi ng'ambo ya kivuko cha feri cha Likoni ajue mapema gari litakalovuka usiku na namba ya dereva wake, asianze kulitafuta mtoto akiwa hoi.

Akihitaji kupasuliwa tumbo siku za usoni, daktari aambiwe kuna mrija humo. Vali za kurekebishwa kwa sumaku hupimwa upya baada ya MRI, kwani mashine inaweza kubadilisha kiwango chake.

Mama aliyezaa mtoto wa mgongo wazi anahitaji dozi tofauti ya asidi ya foliki kwa mimba inayofuata. Kidonge cha kliniki cha mikrogramu 400 ni cha mwanamke asiye na historia hiyo. Yeye huandikiwa miligramu 4 hadi 5 kwa siku. Unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani nchini Kenya hulazimika kutiwa foliki tangu 2012, lakini unga wa kusaga mtaani hauna. Dozi kubwa ianze mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kushika mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza, wakati wengi bado wanahesabu siku wakidhani hedhi imechelewa tu.